Madoa Kwenye Karpeti ya Plastiki: Tujue Kilichomwagika Kabla ya Kutafuta Dawa

Ukipita leo katika nyumba za kukodi mjini, katika vyumba vya chekechea, kwa vinyozi, na hata katika nyumba za mabati kule mashambani, utakuta sakafu imefunikwa kwa karpeti ya plastiki. Huuzwa kwa mita, ina maua au michoro ya vigae, huficha nyufa za simenti, na mtoto hutambaa juu yake bila kuumwa na baridi. Kwa familia nyingi ndiyo pambo la kwanza la nyumba baada ya kupata kitanda na jiko. Kwa hivyo doa likiingia, mama mwenye nyumba hukosa raha.

Katika mikutano ya vikundi vya akina mama swali tunaloulizwa ni lile lile: "Ni dawa gani kali inayotoa madoa?" Jibu letu huwashangaza wengi. Tunawaambia kwamba swali hilo limeanzia mwisho. La kuuliza kwanza ni hili: Ni kitu gani kilimwagika? Kilimwagika lini? Na je, doa liko juu ya karpeti, limeingia ndani, au linatoka chini?

Tunasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, karpeti nyingi haziharibiwi na doa, huharibiwa na dawa. Pili, na hili ndilo zito, doa halimdhuru mtu, lakini dawa zilizochanganywa ovyo katika chumba kidogo zinaweza kumtoa mtu roho. Basi somo letu la leo ni la usafi, lakini pia ni la uhai.

KARPETI HII NI KITU GANI?

Wengi wetu huiita karpeti ya mpira. Jina hilo hutupoteza njia, kwani si mpira. Ni plastiki iitwayo vinili, ambayo mafundi huiita PVC. Mwanakemia Mjerumani, Eugen Baumann, aliieleza plastiki hiyo mwaka 1872, lakini ilikuwa ngumu na watu hawakuona kazi yake. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, mfanyakazi wa kampuni ya B.F. Goodrich, akagundua kwamba ikitiwa vilainishi hunyumbulika. Mabomba magumu ya maji ni plastiki hiyo hiyo bila vilainishi. Karpeti yetu ni plastiki hiyo pamoja na vilainishi.

Kutokana na hayo tujifunze mambo mawili.

La kwanza: vilainishi vikitoka, karpeti hukauka, hukunjamana na kupasuka. Petroli, mafuta ya taa, thina ya rangi na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ndivyo vitu vinavyovitoa au kuiyeyusha plastiki yenyewe. Siku ya kwanza utaona sakafu inang'aa, ukafurahi. Baada ya miezi utaona nyufa.

La pili: karpeti ina tabaka. Chini kuna kitambaa au sponji. Katikati kuna picha ya maua au vigae. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba isiyo na rangi, na hiyo ndiyo mlinzi wa picha. Ukiikwaruza kwa waya wa kusugulia sufuria, kwa mchanga au kwa majivu, umemfukuza mlinzi. Uchafu utaingia katika mikwaruzo na hutautoa tena. Majivu ni mazuri kwa sufuria. Kwa karpeti ya plastiki ni adui.

AINA TATU ZA MADOA

1. Doa la juu. Ni chai, uji, mafuta ya kupikia, matope, alama za viatu. Hili halijaingia popote, hutoka kwa maji na sabuni, mradi usilichelewe.

2. Doa lililoingia ndani. Ni wino, rangi ya nywele, manjano ya pilau, lami, rangi ya viatu. Likikaa, rangi huzama katika plastiki yenyewe kama vile chai inavyozama katika kikombe cha plastiki. Mengine hutoka ukiwahi. Mengine hayatoki kabisa.

3. Doa linalotoka chini. Ni weusi, uwaridi au umanjano unaojitokeza pole pole bila kumwaga kitu. Hapo hata ukisugua mchana kutwa unasugua upande usiohusika.

Ili kujua ni aina gani, panguza kwanza kwa maji ya sabuni, acha pakauke, kisha pitisha kidole. Ukihisi kitu kimekaa juu, ni la juu. Ukihisi plastiki laini tu na rangi bado iko, limeingia ndani au linatoka chini. Funua kona iliyo karibu uangalie mgongo wa karpeti. Ukikuta unyevu, harufu ya uvundo au ukungu, umempata mwizi.

HATUA ZA KUFUATA KILA MARA

1. Fungua mlango na madirisha. Watoto watoke nje. Jiko la makaa, stovu na mshumaa vizimwe au vitolewe.

2. Ikiwa ni kitu cha majimaji, kikaushe kwa tambara kwa kukandamiza. Usifute huku na huko, utalitandaza. Ikiwa ni kigumu, kibandue kwa ukingo wa kijiko cha plastiki, kamwe si kwa kisu.

3. Anza na maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo. Tumia tambara laini. Sugua kutoka ukingo wa doa kuelekea katikati.

4. Ikishindikana, chukua dawa moja tu inayofaa doa hilo. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kitanda. Ngoja dakika kumi. Karpeti ikibadilika rangi, au ikiwa ya kunata, acha.

5. Tumia dawa kidogo kwenye tambara. Usiimwage sakafuni.

6. Suuza kwa maji safi mara mbili, kisha kausha. Hatua hii wengi huiruka. Sabuni ikibaki hunata, hushika vumbi, na kesho utadhani doa limerudi. Dawa ikibaki, mtoto anayetambaa huishika kwa mikono na kuipeleka mdomoni.

MADOA YA KILA SIKU NA NJIA ZAKE

Udongo mwekundu. Usikimbilie maji. Tope likiwa bichi, ukilipanguza unalitandaza likawa rangi. Liache likauke, lifagie, ndipo upanguze.

Chai, kahawa, maji ya matunda na uji. Maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikibaki alama, changanya vijiko viwili vya baikaboneti ya soda ya kuokea na maji kidogo iwe kama uji mzito, paka, ngoja dakika kumi, panguza taratibu na suuza.

Alama nyeusi za viatu. Chukua kifutio cha penseli cha mtoto wa shule ufute. Zikikataa, tone la mafuta ya kupikia kwenye tambara, kisha sabuni ili mtu asiteleze.

Wino wa kalamu. Pamba yenye spiriti kidogo kutoka kwa kemisti. Gusa na uinue, geuza pamba kila mara. Spiriti hushika moto upesi, kwa hivyo hatua ya kwanza hapo juu si ya mapambo.

Rangi ya kucha. Ingoje ikauke, ibandue pole pole, kisha malizia kwa spiriti. Asetoni itaondoa rangi ya kucha pamoja na ngozi ya karpeti.

Nta ya mshumaa na ubani wa kutafuna. Weka juu yake barafu, au maji baridi yaliyofungwa katika mfuko, hadi igande. Ibandue kwa kijiko cha plastiki. Usitumie pasi ya moto. Plastiki hii hulainika upesi kwa joto.

Kutu ya miguu ya meza na kitanda. Kamulia limau au ndimu, ngoja dakika chache, panguza na suuza vizuri. Hapa Jik haifai kabisa. Badala ya kuitoa kutu, huikaza.

Damu. Maji baridi, si ya moto, kwani moto huigandisha. Vaa glavu, au mfuko wa plastiki usiotoboka mkononi, hata kama damu ni ya mtu wa nyumbani. Damu ikishatoka, safisha mahali hapo kwa Jik iliyozimuliwa, ngoja dakika kumi, kisha suuza.

Mkojo wa mtoto au wa mgonjwa. Kausha, osha kwa maji ya sabuni, suuza. Usimwage Jik juu ya mkojo. Sababu tutaieleza hivi punde.

Ukungu mweusi wa juu. Kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe kumi vya maji baridi, baada ya kujaribu pembeni. Dakika tano zatosha, kisha suuza.

MADOA AMBAYO HAYATOKI

Ni vizuri kusema ukweli ili mtu asipoteze pesa zake. Kuna alama ambazo hakuna dawa inayoziondoa.

Ya kwanza ni umanjano au hudhurungi chini ya mkeka wa mlangoni wenye mgongo wa mpira, au chini ya miguu ya friji na viti iliyovikwa mpira. Hapa ndipo lile jina "karpeti ya mpira" linapotuumiza. Tunadhani mpira na mpira ni ndugu, kumbe mpira wa kweli una kemikali zinazohamia katika vinili na kuibadilisha rangi kutoka ndani. Lami na rangi zingine za viatu hufanya vivyo hivyo. Kinga yake ni rahisi: mkeka wa mlangoni uwe wa makuti, mkonge au kitambaa, na miguu ya vyombo ivikwe kitambaa kizito.

Ya pili ni alama ya moto. Kaa likianguka au sufuria ya moto ikiwekwa chini, hilo si doa, ni jeraha. Ukiwa na kipande kilichobaki siku ya kukata karpeti, fundi anaweza kukitia kiraka. Kwa hivyo usitupe mabaki.

Ya tatu ni uwaridi unaotoka chini. Huletwa na vijidudu vya ukungu vinavyoishi kwenye unyevu. Rangi yao huyeyuka katika vile vilainishi tulivyovitaja, ikapanda juu. Huwezi kuitoa, lakini unaweza kuizuia isienee kwa kuondoa unyevu.

Tunajua chumba kimoja cha chekechea ambacho akina mama walichanga wakakitandikia karpeti mpya. Baada ya msimu wa mvua kukatokea weusi karibu na ukuta. Wakaosha kwa Jik kila Jumamosi, na kila Jumatatu weusi uko pale pale. Mwishowe fundi mmoja akafunua kona. Chini kulikuwa na maji. Nje ya ukuta ule maji ya paa yalikuwa yakimwagikia msingi, kwani hapakuwa na mfereji. Wakachimba mtaro, wakaanika karpeti, wakaacha sakafu ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Usafi wa akina mama wale haukuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa maji ya mvua, na dawa yake ilikuwa jembe.

Kabla ya kutandika karpeti, fanyeni jaribio hili. Chukueni kipande cha nailoni cha nusu mita kila upande, mkibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne, mkiache usiku kucha. Asubuhi mkikuta matone ya maji chini ya nailoni au simenti imekuwa nyeusi, sakafu bado ina unyevu. Haraka haraka haina baraka.

DAWA ZISIZOPATANA

Sasa tumefika mahali ambapo tunaomba kila mtu asome mara mbili.

Mtu akiona Jik peke yake haitoi doa, huongeza dawa ya choo yenye asidi, au siki, au limau. Hudhani mbili kali zikiungana zitakuwa kali zaidi. Ni kweli zinakuwa kali, lakini si kwa doa. Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi iliyotumika vitani kule Ypres, Ubelgiji, mnamo Aprili 1915, na ikaua askari katika mahandaki yao. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dirisha moja, haihitaji kuwa nyingi.

Jik ikikutana na amonia, na mkojo una amonia, hutoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu. Jik na spiriti pia hazipatani. Basi kanuni iwe moja na ifahamike na kila mtu nyumbani hata mtoto: Jik huingia katika maji baridi peke yake. Kama umetumia dawa nyingine mahali hapo, suuza kwanza kwa maji mengi, au ngoja siku nyingine.

Ikitokea mtu amevuta gesi hiyo, atoke nje mara moja kwenye hewa safi. Asirudi ndani kumwaga ndoo wala kumalizia kazi. Mlango uachwe wazi. Akikohoa, akihisi kifua kimebana au pumzi inakatika, apelekwe hospitali bila kungoja. Ikiwa dawa imeingia machoni, oshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha mwone daktari.

Na mafuta ya taa, petroli au Jik isiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto haijui tofauti. Akinywa, msimtapishe, kwa sababu inapopanda huchoma koo mara ya pili, na mafuta yakiingia mapafuni huleta hatari kubwa kuliko yalipokuwa tumboni. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa ile.

NI NANI ANAYEPIGA MAGOTI?

Tukizungumza juu ya sakafu tusimsahau anayeipanguza. Mara nyingi ni msichana wa kazi. Hupewa dawa asiyoijua, huambiwa "hakikisha limetoka nikirudi", na kwa kuogopa kukatwa mshahara huchanganya kila alichokikuta chini ya sinki, madirisha yakiwa yamefungwa. Je, doa moja lina thamani gani mbele ya mapafu ya mtoto wa mwenzetu?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 hapa Kenya inamtaka mwajiri kulinda afya ya wale wanaomfanyia kazi. Lakini hata bila sheria, utu watosha. Tumnunulie glavu. Tumsomee maandishi ya chupa ikiwa hawezi kuyasoma. Tumwambie wazi ni madoa gani hayatoki, ili asilaumiwe kwa kisichowezekana. Nawe binti unayefanya kazi hiyo, una haki ya kusema, "Mama, hii na hii hazichanganywi."

Wapangaji nao tunawashauri hivi: siku ya kuingia katika nyumba, zungukeni na mwenye nyumba au wakala wake, mwandike kila doa na kila mkwaruzo mlioukuta, na wote wawili mtie sahihi. Wengi hukatwa dipoziti kwa madoa waliyoyarithi, na wengine huunguza karpeti kwa dawa kali juma la kuhama kwa hofu ya kukatwa. Karatasi moja ingewaokoa.

KWA UFUPI

Fagia kila siku, kwani mchanga ndio unaokwaruza. Panguza kwa mopu iliyokamuliwa, isiyodondosha maji. Kilichomwagika kiondoe papo hapo. Usitie polishi nyekundu ya sakafu ya simenti; huacha rangi na kuleta utelezi, na wazee huvunjika nyonga. Weka pazia mahali jua linapochoma. Anza na dawa pole, usichanganye, suuza, kausha. Doa likikataa baada ya hayo yote, liwekee meza juu yake ukalale salama.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Nyumbani kwetu dawa za usafi huwekwa wapi, na katika chupa gani? Mtoto wa miaka miwili anaweza kuzifikia?

2. Ni nani anayepanguza sakafu kwetu? Amewahi kuambiwa kuhusu Jik na asidi?

3. Katika chumba chetu cha mikutano kuna doa linalorudi kila mara? Twende wote tukafunue kona tuone chini.

4. Tuchague mtu mmoja alete kifutio, baikaboneti ya soda, limau na sabuni ya maji mkutano ujao. Tujaribu kwenye kipande kikuukuu cha karpeti, kila mmoja aone kwa macho yake.